UZI: Kasi hujumlishwa, muda haujumlishwi. Hesabu za kujaza tangi, safari, ujenzi, jiko na maji ya bahari

#1 Mwalimu_Makorora

Wanajamvi, habari za mchana. Uzi huu ni wa hesabu za muda, zile tunazozipiga kichwani kila siku. Naanza na kosa linalojirudia darasani, kwenye ujenzi na hata jikoni.

Bomba A linajaza tangi kwa saa 3. Bomba B linajaza tangi hilohilo kwa saa 6. Yakifunguliwa yote mawili kwa pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi?

Wapo wanaojibu saa 9 kwa kujumlisha, na wapo wanaojibu saa 4 na nusu kwa kutafuta wastani. Majibu yote mawili yanaanguka kabla hata ya kushika kalamu. Bomba A likiwa peke yake linamaliza kwa saa 3. Sasa limepata msaidizi, litachelewaje? Jibu lazima liwe chini ya saa 3.

Muda haujumlishwi. Kinachojumlishwa ni kasi, yaani kazi inayofanyika ndani ya saa moja. Kwa saa moja A hujaza theluthi ya tangi (1/3) na B hujaza sudusi (1/6). Ukizijumlisha unapata 1/3 + 1/6 = 1/2. Nusu tangi kwa saa, basi tangi zima ni saa 2.

Kwa hiyo unaanza kwa kugeuza kila muda kuwa kasi. Kisha unajumlisha kasi za vinavyoongeza na kutoa kasi za vinavyopunguza. Mwisho kabisa ndipo unaigeuza kasi iliyobaki iwe muda. Tuseme tangi lina ufa unaolimaliza kwa saa 12: 1/2 − 1/12 = 5/12 kwa saa, na muda ni 12 ÷ 5 = saa 2.4.

Hapo kwenye 2.4 ndipo wengi humalizia vibaya. Saa 2.4 si saa 2 na dakika 40, wala si saa 2 na dakika 4. Saa ina dakika 60, kwa hiyo sehemu iliyo nyuma ya nukta unaizidisha kwa 60: 0.4 × 60 = dakika 24. Jibu ni saa 2 na dakika 24. Kumbuka tu kwamba 0.1 ya saa ni dakika 6, na mengine yatafuata.

Kabla ya kuzidisha au kugawanya, jiulize pia: nikiongeza hiki, kile kinaongezeka au kinapungua? Ndoo zikiongezeka, muda wa kuzijaza unaongezeka. Huo ni uwiano wa moja kwa moja. Mafundi wakiongezeka, siku zinapungua. Huo ni uwiano wa kinyume. Ukikosea hapo, hesabu nzima imeharibika hata kama kuzidisha kwako ni sahihi.

#2 FundiBomba_Chumbageni

Mwalimu, umegusa penyewe. Niongeze upande wa vipimo, maana mteja hakuambii "bomba langu linajaza kwa saa 3". Kasi unaipima mwenyewe kwa ndoo.

Chukua ndoo ya lita 20, lakini usiamini jina lake. Ndoo nyingi zinazoitwa za lita 20 hufika lita hizo maji yakiwa ukingoni kabisa, na nyingine hazifiki. Mimina chupa 20 za lita moja, weka alama ya kalamu pale maji yalipofika, na hiyo ndiyo ndoo yako ya kazi. Fungua bomba, acha kama nusu dakika upepo utoke kwenye mpira, ndipo uanze kuhesabu kwa simu. Pima mara tatu.

Tuseme umepata sekunde 48, 51 na 51. Jumla ni sekunde 150 kwa lita 60, yaani lita 0.4 kwa sekunde, lita 24 kwa dakika, lita 1,440 kwa saa. Hapa kutumia wastani wa sekunde 50 hakuna tatizo, kwa sababu kila mara ujazo ni uleule. Tangi la lita 2,000 litachukua dakika 83 na sekunde 20. La lita 5,000 litachukua saa 3 na dakika 28.

Yanayoharibu hesabu hii ni haya. Kwanza, watu hupimia bomba la chini uani wakati tangi liko juu ya mnara wa mita 4. Presha ya chini si presha ya juu, hivyo pima pale maji yanapoingilia tangini. Pili, mchana mtaa mzima unachota. Kipimo cha saa 8 mchana hakifai kukadiria usiku wa manane. Tatu, boya. Maji yakikaribia juu, boya hunyanyuka na kuanza kubana mlango wa maji, na sehemu ya mwisho hujaa polepole kuliko zote. Ukitaka hesabu safi, hesabu mpaka boya linapoanza kunyanyuka tu.

Kumwaga tangi ni jambo jingine kabisa, na hapa uwiano wa moja kwa moja unadanganya. Tangi la wima lililokaa chini, koki ikiwa kwenye kitako, hutoa maji kwa nguvu likiwa limejaa na kwa unyonge likikaribia kuisha. Nusu ya kwanza hutoka kwa takriban asilimia 29 ya muda wote, na nusu ya pili hula asilimia 71. Kwa hiyo ukiona nusu imetoka kwa dakika 30, usimwambie mwenye nyumba arudi baada ya dakika 30 nyingine kusafisha tangi. Iliyobaki itachukua kama dakika 72. Tangi likiwa juu ya mnara na maji yakitokea chini, tofauti hiyo hupungua sana. Maji yakishuka kutoka kimo cha mita 5.5 hadi mita 4, kasi inapungua kwa asilimia 15 hivi. Hapo uwiano wa kawaida unatosha.

Na koki inayodondosha tone moja kila sekunde: siku ina sekunde 86,400. Matone kama 20 hufanya mililita moja, kwa hiyo ni lita 4.3 kwa siku, lita 130 kwa mwezi. Washa ya koki (kile kipete cha mpira kinachozuia maji) ni bei ya kitu kidogo sana ukilinganisha na hayo maji.

#3 Kijana_Duga

Shikamooni. Fundi, nithibitishie hii. Tangi la lita 2,000 lina lita 400. Maji yanakuja saa 2 usiku kwa kasi hiyo ya lita 1,440 kwa saa, na nyumbani wanatumia lita 300 kwa saa wakati huo. Kasi halisi ni 1,440 − 300 = 1,140. Nafasi iliyo wazi ni lita 1,600. 1,600 ÷ 1,140 = 1.4, yaani saa 1 na dakika 24. Litajaa saa 3 na dakika 24 usiku?

#4 FundiBomba_Chumbageni

Marahaba. Ni sawasawa, ongeza dakika 10 za boya. Kwa siku za mgao hesabu inageuka: likijaa lita 2,000 na nyumba inatumia lita 600 kwa siku, maji yatakaa siku 3.33. Hiyo ni siku 3 na saa 8, kwa sababu siku ina saa 24 na theluthi yake ni 8.

#5 Msafiri_Kange

Upande wa barabara, kosa kubwa ni wastani wa mwendo. Gari limekwenda kwa kilomita 80 kwa saa na kurudi njia ileile kwa 40. Wastani si 60. Chukua umbali wowote, tuseme kilomita 80: kwenda saa 1, kurudi saa 2, jumla kilomita 160 kwa saa 3, yaani 53.3. Mwendo wa pole huchukua muda mrefu zaidi, ndiyo maana unauvuta wastani chini.

Tanga hadi Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze ni takriban kilomita 350. Basi lina mwisho wa 80 nje ya makazi na 50 ndani ya makazi. Tuseme kilomita 90 za njia hiyo ziko kwenye vibao vya 50. Hizo ni 90 ÷ 50 = saa 1.8, saa 1 na dakika 48. Zilizobaki 260 ÷ 80 = saa 3.25, saa 3 na dakika 15. Jumla saa 5 na dakika 3 bila kusimama hata mara moja. Ongeza chakula dakika 20, abiria wa njiani na ukaguzi, unaingia kwenye saa 5 na dakika 40 au 6. Anayekuahidi saa 4 kwa basi ama hajapiga hesabu, ama anapanga kuvunja sheria.

Na hili nataka madereva walisome vizuri. Kupandisha mwendo kutoka 80 hadi 100 kwa kilomita 40 kunaokoa dakika 6 tu: dakika 30 zinakuwa 24. Kupata njia nzuri inayokutoa 30 hadi 50 kwa kilomita hizohizo 40 kunaokoa dakika 32: dakika 80 zinakuwa 48. Nyongeza ni 20 pande zote mbili, lakini faida haifanani hata kidogo. Muda umepotea kwenye foleni na matuta. Huwezi kuurudisha kwa kukanyaga mafuta kwenye lami tupu, na ajali ndipo zinapotokea.

Kukutana na kufukuzana: wanaoelekeana, jumlisha kasi. Wanaofuatana, toa. Pikipiki imetoka Tanga kuelekea Korogwe kwa 50, gari likatoka nusu saa baadaye kwa 70. Pikipiki iko mbele kilomita 25. Tofauti ya kasi ni 20. 25 ÷ 20 = saa 1 na robo. Gari litaifikia kwenye kilomita ya 87.5.

La mwisho ni tiketi. 06:00 kwenye tiketi ni saa 12 asubuhi, si saa 6. Toa 6 (ukipata 0, ni saa 12). Ikiwa namba ni ndogo kuliko 6, ongeza 6. 04:30 ni saa 10 na nusu alfajiri. 13:15 ni saa 7 na robo mchana. 22:00 inakuwa 16, zaidi ya 12, basi toa 12 tena: saa 4 usiku.

#6 Jirani_Chongoleani

Fundi amesema mabomba, hebu tulitazame bomba kubwa la mkoa wetu wa Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na tuseme linapitisha mapipa 216,000 kwa siku. Gawanya kwa 24: mapipa 9,000 kwa saa. Pipa ni lita 159, hivyo ni lita 1,431,000 kwa saa, karibu lita 400 kwa sekunde.

Upana wa bomba ni inchi 24, kwa hiyo uwazi wake ni karibu 0.29 ya mita ya mraba. Lita 400 ni 0.4 ya mita ya ujazo. 0.4 ÷ 0.29 = mita 1.4 kwa sekunde, kilomita 5 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu! Kwa mtiririko huo tone linalotoka Hoima litachukua saa 289 hivi, yaani siku 12, kufika pwani.

#7 Nahodha_Sahare

Assalaam alaykum. Nimesoma yote na nimefurahi. Ila ningependa vijana wajue kwamba bahari haiendi kwa uwiano wa moja kwa moja, na anayeihesabia hivyo atapandisha chombo mwambani.

Maji hupwa na kujaa kwa muda wa saa 6 na dakika 12 hivi kila upande. Tuchukue siku ya bamvua (siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapopanda na kushuka sana) ambayo tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa ni mita 3.6. Mtu wa darasani atasema 3.6 ÷ 6 = mita 0.6 kila saa. Sivyo. Maji huanza polepole, hukimbia katikati, na hupoa tena mwishoni. Kanuni ya mabaharia ni kugawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa 3.6 kila fungu ni sentimita 30. Kwa hiyo ni 30, 60, 90, 90, 60, 30.

Sasa kazi yenyewe. Kuna mlango kwenye matumbawe ambao maji yakipwa unabaki na kina cha mita 0.6. Mashua inazama mita 1.2, na unataka sentimita 30 za usalama chini yake, jumla 1.5. Unahitaji maji yapande 0.9. Kwa hesabu ya moja kwa moja utasubiri saa 1 na nusu. Kwa mafungu, baada ya saa 1 na nusu maji yamepanda 30 na nusu ya 60, jumla sentimita 60, na kina ni 1.2 kamili. Mkuku (uti wa chini wa chombo) unagusa mwamba. Sentimita 90 zinatimia baada ya saa ya pili.

Na "saa" hizi ni za maji. Gawa saa 6 na dakika 12 kwa 6, unapata dakika 62. Ikiwa maji yamepwa saa 4 na dakika 10 asubuhi, subiri dakika 124, pita saa 6 na dakika 14 mchana. Maji yatajaa saa 10 na dakika 22 jioni. Kwenye pwani yetu bamvua hupwa mnamo saa 4 na kujaa mnamo saa 10. Mtu akikupa saa zilizo mbali na hapo siku ya mwezi mpevu, angalia tena jedwali lake.

Kwa akina mama wa mwani mambo ni kinyume, na yanawafaa. Kazi ya kufunga mbegu kwenye kamba inataka maji yasizidi, tuseme, sentimita 90 juu ya kupwa. Kwa mafungu wana saa 2 za maji kabla ya kupwa na saa 2 baada yake, zaidi kidogo ya saa 4. Mwenye kuhesabu moja kwa moja angewapa saa 3. Hiyo saa moja ni kamba kadhaa.

Maji mafu (siku maji yanapopanda na kushuka kidogo tu) nayo yana hesabu yake. Tofauti ikishuka hadi mita 1.2, kupwa kwenyewe hakufiki chini. Katikati ya bahari hubaki palepale: kwenye bamvua katikati ni mita 1.8 juu ya kupwa, na maji mafu hushuka mita 0.6 tu kutoka hapo. Mlango wetu unabaki na mita 1.8. Mashua ile inapita wakati wowote.

#8 Kijana_Duga

Shikamoo nahodha. Kesho yake tunaongeza dakika ngapi? Na majedwali mengine ya kwenye simu yana saa za ajabu.

#9 Nahodha_Sahare

Marahaba mwanangu. Kwa wastani dakika 50 kila siku. Lakini huo ni wastani: siku za bamvua huongezeka kama dakika 30 hadi 40, siku za maji mafu hupita saa nzima. Kwa siku moja mbele tumia jedwali. Wiki moja mbele, 50 × 7 = dakika 350, karibu saa 6. Ndiyo maana baada ya wiki, saa ambayo maji yalikuwa yamepwa utayakuta yamejaa.

Saa za ajabu ni saa za Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa 3. Jedwali likisema 07:10 za Greenwich, hapa ni 10:10, na kwa Kiswahili saa 4 na dakika 10 asubuhi. Njia ya mkato: kutoka Greenwich kuja saa za Kiswahili toa 3. Hakikisha kwanza jedwali ni la Greenwich, maana ukitoa 3 kwenye jedwali ambalo tayari ni la saa zetu utakosea kwa saa 3.

#10 JikoLaNgamiani

Nahodha ahsante sana, baba. Mimi naleta ya jikoni, na jambo langu ni moja: kasi ya kazi nzima ni kasi ya anayechelewa kuliko wote.

Chapati 60 za shughuli. Kusukuma moja dakika 1 na nusu, kuchoma moja dakika 3 kwa pande zote mbili. Msukumaji mmoja anatoa 40 kwa saa. Kikaango kimoja kinatoa 20 kwa saa. Kwa kikaango kimoja ni saa 3, na chapati mbichi zinarundikana na kushikana. Vikaango viwili ni 40 kwa saa, sawa na msukumaji, na kazi inakwisha kwa saa 1 na nusu. Sasa mtu analeta kikaango cha tatu akitegemea saa moja. Hapati! Msukumaji bado ni 40 kwa saa, kikaango cha tatu kinaunguza mkaa bure na mafuta yanatoa moshi. Ongeza msukumaji wa pili, sasa kusukuma ni 80 na kuchoma ni 60 kwa saa, na hapo kweli unamaliza kwa saa moja.

Unga kupumzika nusu saa haugawanyiki. Uwe wa chapati 10 au 60, ni nusu saa ileile.

Wali vilevile. Kilo 1 ikiiva kwa dakika 25 baada ya maji kuchemka, kilo 5 haziivi kwa dakika 125. Kuiva kwa punje hakubadiliki sana. Kinachorefuka ni kuchemka kwa maji. Hicho kinakwenda kwa uwiano: maji mara mbili, moto uleule, muda mara mbili. Kwa birika la umeme la wati 2,000: lita 1.5 kutoka nyuzi 28 hadi 100 ni 1.5 × 72 × 4.2 = kilojuli 454. Wati 2,000 ni kilojuli 2 kwa sekunde, hivyo ni sekunde 227, dakika 3 na sekunde 47. Ongeza kidogo kwa joto linalopotea, ni dakika 4 na ushee. Kwa LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla, uniti moja ni kilowati 1 kwa saa 1) hiyo ni kilowati 2 × 4/60 = uniti 0.13. Birika kumi kwa siku ni uniti 1.3.

#11 Mjenzi_Pongwe

Dada umesema kweli, na kwenye ujenzi anayechelewa mara nyingi ni saidia fundi. Fundi akisubiri udongo (mchanganyiko wa saruji na mchanga), kasi yake ni sifuri.

Sisi tunahesabu kwa siku-fundi. Kazi ya mafundi 3 kwa siku 8 ni siku-fundi 24. Baada ya siku 2 mmoja akaondoka: zimetumika 6, zimebaki 18, mafundi ni 2, basi ni siku 9 zaidi. Jumla 11. Usiseme "kapungua theluthi, basi ongeza theluthi ya siku". Mafundi wakipungua kutoka 3 hadi 2, siku zilizobaki zinazidishwa kwa 3/2, yaani nusu nzima inaongezeka: 6 zinakuwa 9.

Ukuta wa mita 20 kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 60. Toa milango na madirisha, tuseme 6, zinabaki 54. Tofali za inchi 18 kwa 9 pamoja na udongo ni kama 10 kwa mita ya mraba, basi tofali 540, ongeza asilimia 5 za kuvunjika. Fundi akijenga 90 kwa siku, ni siku-fundi 6. Mafundi 2, siku 3.

Je, mafundi 6 siku 1? Hapana. Ukuta mbichi haupandishwi zaidi ya mita 1.2 hadi 1.5 kwa siku, kama kozi (mistari ya tofali) 5 au 6, kwa sababu udongo wa chini bado laini na uzito wa juu utauminya na kuupinda. Mita 3 zinataka siku 2 kwa uchache, na 3 ni bora, hata uwe na mafundi ishirini. Zege nalo hufikia nguvu yake ya kuhesabiwa kwa siku 28, na siku 7 za mwanzo linataka maji. Siku hizo hazina mgawanyo.

#12 Muuguzi_Mabawa

Uwiano huu huokoa maisha wodini, hivyo naandika kwa uangalifu. Matone ya dripu kwa dakika = mililita × matone ya seti kwa mililita moja ÷ dakika. Seti nyingi za watu wazima ni matone 20, imeandikwa kwenye pakiti. Zipo pia za 15. Mililita 500 kwa saa 4: 500 × 20 ÷ 240 = 41.7, weka 42. Mililita 1,000 kwa saa 8 ni matone 42 yaleyale, kwa sababu vyote viwili vimezidi mara mbili. Seti ya watoto ya matone 60 ni rahisi: matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa.

Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la tone moja linakuwa manne. Na ndugu wa mgonjwa, ukiona imepungua au imesimama, mwite muuguzi. Usifungue gurudumu mwenyewe ili "iishe upesi". Mkono ukikunjwa, kasi hubadilika bila mtu kugusa kitu.

#13 Kijana_Duga

Kwa wanaosubiri foleni: nambari yangu 64, sasa wamefika 23, dakika 20 baadaye wamefika 29. Sita kwa dakika 20 ni 18 kwa saa. Zimebaki 35. 35 ÷ 18 = 1.94, saa 1 na dakika 57. Nimepata?

#14 Mwalimu_Makorora

Umepata. Ila tazama madirisha. Kama kasi ya 18 ni ya madirisha 3 na moja likafungwa wakati wa chakula, inabaki 12 kwa saa, na 35 ÷ 12 ni saa 2 na dakika 55. Pima kwa dakika 20 au zaidi. Mtu mmoja mwenye shida ndefu ataivuruga hesabu ya dakika 5.

Ongezeni na ya mtandao: kasi huandikwa kwa megabiti, faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Faili la megabaiti 700 kwa megabiti 4 kwa sekunde: 700 × 8 ÷ 4 = sekunde 1,400, dakika 23 na sekunde 20. Ukisahau 8 utategemea dakika 3.

Na swali la kufanyia kazi. Daladala moja inaondoka kituoni kila dakika 12, nyingine ya njia tofauti kila dakika 18. Zimeondoka pamoja saa 1 asubuhi. Zitaondoka pamoja tena saa ngapi, na mara ngapi mpaka saa 4?

#15 JikoLaNgamiani

KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 12 na 18 ni 36. Saa 1 na dakika 36, 2 na dakika 12, 2 na dakika 48, 3 na dakika 24, halafu saa 4 kamili. Mara tano baada ya ile ya kwanza.

#16 Mwalimu_Makorora

Barabara. Waliojibu mara nne wameisahau ile ya saa 4 kamili. Dakika 180 ÷ 36 ni 5 bila baki.